Kisarawanda cha Mwajuma

Mnanijia hapa Dunda, Bagamoyo, kila likizo, nyinyi vijana wa chuo, mmebanana wawili wawili juu ya bodaboda, na swali lenu huwa lile lile: Profesa, ulianzaje? Mnataka niwaambie kwamba nilikuwa jasiri, kwamba mimi ndiye wa kwanza ukanda huu kusimama mbele ya darasa na kufundisha habari za mume na mke wakishafunga mlango, na kwamba nilivumilia mpaka wakanizoea. Mnapiga picha na mimi, mnakula maandazi yangu, mnaondoka kabla ya magharibi. Safari hii nimeamua kuandika mwenyewe, ili msinikatize.

Nilianza kwa kuaibika. Nilirudi mji niliozaliwa nikiwa na kinasa sauti kizito kinachoning'inia begani, na dodoso nililoliandaa pamoja na walimu wangu Dar es Salaam. Nikamwendea Bi. Chausiku, kungwi mashuhuri kuliko wote hapa Bagamoyo. Nilimwendea saa nne asubuhi, wakati mwanamke mwenye nyumba yake ana chungu mekoni, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Kosa la pili nililifanya nilipofungua mdomo. Nilimsomea hivi: "Je, katika mafundisho ya unyago, suala la kuridhika kwa mwanamke hupewa kipaumbele gani?"

Alinitazama tangu kwenye kilemba mpaka kwenye viatu.

"Wewe si binti wa Shomari, wa pale karibu na msikiti?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Na mama yako anajua uko hapa unauliza hayo?"

"Anajua."

"Basi ukirudi mpe pole."

Kisha akanisogezea mbuzi ya kukunia nazi, akaniwekea nazi zilizovunjwa mbele, akarudi jikoni. Nilikuna nazi kwake msimu mzima kabla hajanijibu swali hata moja. Na nawaambieni, yote mliyoyasoma kwenye vitabu vyangu kuhusu namna ya kuhoji niliyapata pale kwenye mbuzi. Mwanamke hazungumzi mambo ya chumbani huku unamkodolea macho. Mpe mikono yake kitu cha kufanya, na yako pia. Kaeni bega kwa bega, mtazame chini wote wawili. Usimuulize yeye anafanyaje, muulize wanawake wa zamani walifanyaje, naye atakujibu ya kwake. Akinyamaza, mwache anyamaze. Nyinyi siku hizi mnatuma maswali kwenye simu, mtu anabonyeza ndiyo au hapana, halafu mnashangaa kwamba mmepata ndiyo na hapana.

Ubaya wa njia yangu ni kwamba walimu wangu walipozisikiliza kanda, walisikia nazi ikikwaruzwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nimebadilisha mada nikahamia mapishi.

Miono nako walinipokea kwa namna yao. Nilifika kijijini kwenye mashamba ya mahindi na mananasi, nikakaribishwa vizuri, nikapewa muhogo wa kuchemsha, na kabla sijaumaliza bibi mmoja akaniuliza, "Umechezwa wewe?" Maana yake, je, nimepitishwa unyagoni, kwa sababu asiyepitishwa haambiwi neno. Nikasema nimechezwa, Bagamoyo mjini. Wale akina mama wa Kikwere walicheka mpaka wakafuta machozi. "Mjini hamchezwi," akasema. "Mjini mnapakwa hina tu." Nililala kwao siku kadhaa nikafundishwa upya, na sitawaambia nilichofundishwa, maana wengine wenu hamjaoa.

Hayo ndiyo ya kuchekesha, na yameisha. Chuoni nilipopewa somo langu mwenyewe, wanafunzi wa kiume walikaa nyuma wakitoa milio. Wenzangu waliniita Mwalimu wa Chumbani, kwanza kwa siri, baadaye mbele yangu, katika vikao. Kila nilipoomba kupandishwa cheo niliambiwa kazi yangu ni hadithi za jikoni na haina ugunduzi. Kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, aliacha kuwaleta binti zake nyumbani kwangu. Hakunigombeza, aliacha tu kuwaleta. Hilo liliniuma kuliko vikao vyote, na linaniuma mpaka sasa ambapo yeye mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki.

Sasa nizungumze nililolikusudia. Majina yote hapa nimeyabadilisha, na waliokuwa na cha kupoteza wengi wao wamekufa.

Baada ya miaka ya kuzoeana, Bi. Chausiku alianza kunichukua kwenye harusi kama msaidizi wake. Nyinyi wengine hamjakiona kisarawanda, kwa hiyo nieleze. Ni kitambaa cheupe ambacho kungwi humtandikia mwali usiku wa kwanza. Asubuhi, bwana harusi akitoka kwenda kuoga na kuswali, kungwi huingia peke yake, hukichukua, na kukikabidhi kwa akina mama wa upande wa mume wanaosubiri uani. Kikiwa na damu, vigelegele, mwali hutunzwa, mama yake hutembea kifua mbele. Kikiwa kitupu, basi tena. Familia nyingi zimeacha mambo haya. Zilizobaki nayo, zimekishikilia kwa mikono miwili.

Asubuhi ya harusi ya kwanza niliyokwenda naye, nilimkuta uani kwake ameshachinja njiwa. Aliichovya pamba kwenye damu, akaiviringisha ndani ya kipande cha nailoni, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Akaniona ninavyomtazama.

"Mwali ameharibika?" nikauliza.

"Ameharibika nini? Mtoto mzima kabisa yule."

"Sasa hiyo ya nini?"

"Nuru, wewe ndiye uliyesoma. Wote hutoka damu?"

Nikasema hapana. Wapo wengi wasiotoka, na hawajamjua mwanamume. Maumbile ya mwili hayafanani.

"Mimi sikusoma, nimeona," akasema. "Ndiyo maana nawatilia wote."

"Hata wanaotoka?"

"Wote, nimekwambia. Naingia, natia, natoka. Sitazami kwanza. Nikitazama nitajua, na nikijua ipo siku nitateleza ulimi."

"Na wao wanajua kwamba ni wote?"

"Ah! Kila mmoja namwambia ni yeye peke yake nimemsitiri. Mwanamke akidhani siri ni yake peke yake, hufa nayo. Akijua ni ya mji mzima, ataitoa siku ya kwanza atakayogombana na wifi yake." Akafunga pindo vizuri. "Na hili usiliandike."

"Sitaliandika, bibi."

Sikuliandika. Fikirieni, nyinyi mnaotafuta ugunduzi. Nilikuwa na jambo ambalo hakuna mwalimu yeyote pale chuoni aliyekuwa nalo, mwanamke mmoja asiyejua kusoma ameutibu mji mzima ugonjwa wa kijinga kwa njiwa na pamba, na mimi nikakaa kimya kwenye vikao wakiniambia sina jipya. Lile somo mnalofundishwa mwaka wa kwanza, kwamba siri ya unayemhoji ni amana, mimi ndiye niliyeliandika. Nililiandika nikimfikiria yeye.

Bi. Chausiku alikuwa na mjukuu aliyemlea, Mwajuma. Binti mwenye maneno na kicheko cha juu, alisomea mambo ya kusindika samaki kule Mbegani na akapata kibarua huko huko. Alikuwa akirudi jioni ananuka samaki, anampigia kelele bibi yake toka mlangoni amtengee maji. Alikuja kwangu mara kwa mara kuazima vitabu. Nilimpenda, niseme wazi. Sikujaaliwa mtoto wa kike.

Akaposwa na Idrisa, kijana mpole, muuza vifaa vya ujenzi hapa mjini. Bibi yake Idrisa, Bi. Zuhura, ndiye aliyekuwa mwenye neno katika ile nyumba. Akatuma ujumbe: kisarawanda lazima, na kungwi atatoka Pangani, kwa sababu bibi hawezi kuwa shahidi wa mjukuu wake. Binti anapanda bodaboda na wanaume kila siku, alisema, na wao ni watu wa heshima.

Najua mnachotaka kuuliza sasa. Je, Mwajuma alikuwa bikira? Ona, mmeshaanza kuwa Bi. Zuhura. Alikuwa bikira, aliniambia mwenyewe, na mimi nimesikiliza uongo wa watu kwa miaka mingi kiasi cha kuutambua. Lakini lile swali ndilo lililomfanya awe hatarini, si jibu lake. Kama mwili wake ungekuwa wa wale wasiotoka, angerudishwa kwao asubuhi ile ile, na jina lake lingekuwa la kuzomewa mpaka anazeeka.

Bi. Chausiku hakuweza kukataa kungwi mgeni, wala kumpenyezea mjukuu wake pamba, kwani mgeni huyo ndiye angemwogesha na kumvisha mwali. Angekataa, angekuwa amekiri kitu. Nilimwendea.

"Niruhusu niwaambie," nikasema. "Hata Bi. Zuhura peke yake."

"Ukimwambia huyo, umewavua nguo wanawake wote wa mtaa huu. Wana waume, wana wajukuu." Akanisogezea viatu vyangu. "Nenda kamweleze ya kitabuni. Ya njiwa yaache."

Nikaenda, na vyeo vyangu vyote. Bi. Zuhura alinipokea ukumbini kwake kwa adabu zote. Mkwewe Sauda, mama yake Idrisa, alikuwa akitumiminia kahawa. Barazani, nje ya dirisha, nilimsikia mume wa Sauda akicheza bao na wenzake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Nimesikia profesa anakuja nikamwambia Sauda atoe vikombe vya wageni."

Nikaeleza. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza darasani. Nikamwambia pia kwamba dini haikuagiza kitambaa.

"Hata ubwabwa wa harusi haukuagizwa," akasema, "na tutaula."

Sauda alicheka kidogo, mimi pia. Kisha Bi. Zuhura akaweka kikombe chini.

"Mimi sikusoma, kwa hiyo unisahihishe nikikosea. Unasema wapo wasichana wasiotoka."

"Wapo, bibi. Wengi."

"Chausiku amesimamia harusi za mji huu tangu mimi nina meno yangu yote. Umewahi kusikia mwali wake hata mmoja kisarawanda chake kimetoka kitupu?"

Nilishika kikombe changu.

"Hata mmoja! Huyu Sauda hapa, kungwi wake ni Chausiku. Nilikipokea kwa mikono yangu hii. Sauda, nasema uongo?"

Sauda alikuwa ameinamia birika. "Hapana, mama."

"Basi hao wengi wako wapi, profesa? Maana hapa kwetu hatujawaona."

Nimeulizwa maswali na watu wakubwa, katika kumbi kubwa. Hilo ndilo peke yake lililonifunga mdomo. Huruma ya Bi. Chausiku, aliyoifanya harusi baada ya harusi bila kukosea, ndiyo iliyokuwa imegeuka ushahidi, na ushahidi ule ulikuwa unakwenda kumwangukia mjukuu wake mwenyewe. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa mbele yangu limeshika birika. Ningelitamka, mume wake angelisikia pale barazani, na Sauda angelala kwao usiku ule. Baada yake ingefuata nyumba ya pili, na ya tatu. Nilikunywa kahawa yangu. Nikaaga.

Harusi ilifana, ngoma ilipigwa, tulikula. Asubuhi yake tulikaa uani, wanawake wa pande zote mbili, wengi wao waali wa zamani wa Bi. Chausiku. Yeye mwenyewe alikaa pembeni yangu akinong'ona dua. Kungwi wa Pangani akaingia, akatoka, akamkabidhi Sauda kitambaa, kwa kuwa ndiye mama wa bwana harusi. Bi. Zuhura alisimama nyuma ya bega lake. Sauda akakikunjua polepole, akakigeuza upande wa pili.

"Kitupu," akasema.

Mtu akaenda kuzima redio. Hakuna mwanamke aliyefungua mdomo. Niliwatazama mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa anatazama miguu yake. Nami niliitazama yangu.

Talaka ilitoka kabla ya adhuhuri. Idrisa alilia, nasikia, na machozi yake hayakumfaa mtu. Mwajuma alirudi kwa bibi yake na masanduku yake ya harusi, na ndani ya juma lile vijana wa kijiweni walikuwa wameshamtungia jina ambalo sitaliandika. Kibarua cha Mbegani alikiacha, kwa sababu ya kuzomewa njiani. Walimpeleka Miono kwa mjomba wake akalime, akarudi amekonda, kile kicheko kimekwisha. Akaja kwangu.

"Mwalimu, nina kasoro gani?"

"Huna kasoro. Wapo wengi kama wewe."

"Wako wapi?"

Nikamtolea vitabu. Nikamwonyesha michoro. Akavisukuma kando.

"Hao Wazungu wa kitabuni siwajui. Wa hapa. Nitajie mmoja."

Nikamwambia siwezi. Alichukua mtandio wake akaondoka, na tangu siku ile akinikuta njiani alinisalimia kama unavyomsalimia mgeni.

Ikapita miaka. Bi. Zuhura akafariki. Bi. Chausiku akalala kitandani, nusu ya mwili haifanyi kazi, Mwajuma ndiye anayemwogesha na kumlisha. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali, alasiri, Mwajuma yuko jikoni anakoroga uji, alipobisha hodi Sauda. Nilikuwa sijamwona akikanyaga nyumba ile tangu asubuhi ya kitambaa. Binti yake Salma alikuwa ameposwa na watu wanaotaka kisarawanda. Huyo Salma aliolewa, yuko Dar na watoto wake, simzungumzii yeye.

Sauda alipiga magoti kando ya kitanda. Akanitazama, akaona ni mzee mwenzake tu nimekaa, akasema kwa sauti ya chini.

"Mama, nakuomba. Nitafutie mtu amfanyie mwanangu ulichonifanyia mimi."

"Alikufanyia nini?"

Mwajuma alikuwa mlangoni, bakuli la uji mkononi. Bi. Chausiku aligeuza uso ukutani. Sauda alibaki pale pale chini. Kisha akasema yote, njiwa, pamba, pindo la kanga, huku analia, hafuti machozi.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," akamwambia. "Wallahi, Mwajuma. Nilidhani katika mji mzima wabovu ni mimi na wewe tu. Siku ile niliogopa nikikutetea watanigeukia mimi, wataanza kuuliza."

Mwajuma aliweka bakuli juu ya stuli, taratibu, asimwage.

"Bibi. Ni yeye peke yake?"

Bi. Chausiku alizungumza kwa shida siku hizo.

"Hapana."

"Wangapi?"

"Wote, mwanangu. Wote niliowasimamia."

"Wale waliokaa uani siku ile?"

"Na hao."

Mwajuma aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Ungedhani ametoka kubeba gunia. Alimtazama Sauda pale sakafuni, na nadhani alimwonea huruma, maana alivuta kanga iliyokuwa kitandani akampa ajifute. Halafu akamgeukia bibi yake.

"Na nani mwingine alijua kwamba ni wote?"

Mimi nilikuwa nimeshainamisha kichwa, na Mwajuma alikuwa ameshaona.

Nimewafundisha wengi wenu namna ya kukaa kimya mtu akinyamaza. Sikuweza. Nilianza kumwambia habari za amana, za ahadi, za wale wanawake na waume zao, maneno mazuri ambayo nyinyi mmeyakariri kwa ajili ya mtihani. Alinisikiliza mpaka nikakwama mwenyewe.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikuomba unitajie mmoja tu."